Kompyuta Kuukuu Nayo Ina Lahaja Yake

Katika makala hii nakusudia kueleza namna kompyuta kuukuu yenye Windows XP inavyoweza kuunganishwa na mtandao wa idara bila kuutia mtandao huo hatarini. Najua wengi mtasema jambo hilo si la kitivo cha lugha bali ni la mafundi. Mimi pia nilisema hivyo, mpaka siku fundi alipokuja.

Alikuja, akaiwasha kompyuta ya chumba cha nyuma, akaisikiliza diski ikigonga tk, tk, tk, akatikisa kichwa. "Mwalimu, hii tuifute tu, tuweke Windows mpya. Ao muitupe, mununue ingine." Aliniita mwalimu kwa adabu yake, mimi ni mwanafunzi tu, ninaandika tasnifu juu ya toni za Kitabwa. Na katika diski ile aliyotaka kuifuta ndimo ilimokaa kamusi ya Kitabwa ambayo profesa wetu, aliyekwisha kustaafu, aliikusanya kwa miaka mingi huko Moba na katika vijiji vya ukingo wa Ziwa Tanganyika. Pamoja na kamusi kulikuwa na sauti za wazee, kanda 55 za dakika 60 kila moja, ambazo yeye mwenyewe alizihamishia kwenye kompyuta. Kadi za karatasi alizoanzia zililiwa na mchwa. Kanda zenyewe zimeota ukungu na hazizunguki tena. Nakala nyingine haikuwapo popote.

Kila niliyemsimulia habari hii ameniuliza swali lilelile: kwa nini hamkutumia flashi? Kompyuta ile ni ya mwaka 2002. Matundu yake ya USB ni ya toleo la 1.1, ambalo kwa nadharia hupitisha megabiti 12 kwa sekunde, na kwa vitendo hufikisha kama megabaiti 1. Sauti ya saa moja iliyorekodiwa kwa biti 16 na kilohezi 44.1, chaneli moja, huchukua megabaiti 317 hivi. Zidisha mara 55, utapata zaidi ya gigabaiti 17. Kwa flashi hiyo ni kazi ya karibu saa 5, na mtaani kwetu umeme haukai saa 5. Kadi ya mtandao ya kompyuta hiyohiyo ni ya megabiti 100, yaani kwa vitendo kama megabaiti 10 kwa sekunde. Mzigo uleule unapita kwa nusu saa. Hiyo ndiyo sababu ya kuhangaika na waya.

Iko njia iliyo bora zaidi kwa diski inayogonga: kuitoa ndani ya kompyuta na kuinakili kwa kompyuta nyingine, kabla haijafa kabisa. Nakubali. Lakini diski yetu ni ya aina ya IDE, yenye ule waya mpana kama utepe, na kifaa cha kuigeuza iingie kwenye USB tulikitafuta madukani wiki mbili bila kukipata. Mwenye kukipata asisome makala hii, atoe diski.

Kabla ya kuzungumza juu ya lugha ya kompyuta ni lazima kuhakikisha kwamba wasemaji wako ndani ya chumba kimoja. Hapa sitakawia. Chomeka waya kwenye swichi, angalia taa ndogo karibu na tundu: ikiwaka, waya ni mzima. Usijisumbue na wifi. Rafiki mmoja alituletea kifaa cha wifi cha kuchomeka, tukapoteza mchana mzima, kwa sababu Windows XP ilizaliwa kabla ya ulinzi wa WPA2 unaotumiwa na ruta nyingi leo. Iliupata baadaye kwa nyongeza, na nyongeza hiyo imo ndani ya toleo lililosahihishwa liitwalo Service Pack 3 la mwaka 2008. Yetu ilibaki kwenye Service Pack 2.

Baada ya waya inafuata anwani. Fungua "Exécuter", andika cmd, kisha ipconfig. Ukiona anwani inayoanza na 169.254, ujue kwamba kompyuta iliomba anwani, haikujibiwa na yeyote, ikajitungia moja yenyewe. Kwetu ilikuwa hivyo, maana ruta ilikuwa imezimika. Tuliandika anwani kwa mkono: 192.168.1.20 kwa kompyuta kuukuu, na 255.255.255.0 kwa kile kisanduku cha pili. Kisanduku cha tatu, kile cha "Passerelle par défaut", tulikiacha kitupu makusudi. Hapo ndipo huandikwa anwani ya mlango wa kutokea nje. Kikiwa kitupu, kompyuta inawaona majirani waliomo ndani ya nyumba lakini haijui njia ya kwenda intaneti. Si ukuta wa mawe, ila ni afadhali kuliko mlango wazi.

Kisha tukaipigia hodi kwa amri ya ping, ikajibu. Angalia jambo hili moja: isipojibu, usihukumu haraka kwamba haipo. Ngome ya Windows mara nyingi imeagizwa kunyamaza hodi ya namna hiyo. Kunyamaza kwake si ushahidi, kama vile msaidizi wetu wa utafiti anapokaa kimya baada ya swali: huenda hakuelewa, huenda hataki, huenda swali lenyewe ni baya.

Kwa hiyo barabara ilikuwapo. Waya mzima, anwani sahihi, hodi imeitikiwa. Tukaenda kwenye kompyuta kuukuu, tukafungua "Favoris réseau" ili tuzione kompyuta mpya za idara, ambazo zina Windows 10. Hakuna hata moja. Tukaandika njia yenyewe kwa mkono, mikwaju miwili ya kinyumenyume halafu anwani. (Kwenye kibodi zetu za AZERTY mkwaju huo hupatikana kwa AltGr na 8, asistenti mmoja amefundisha hapa miaka tisa bila kujua.) Jibu likatokea kwamba njia ya mtandao haikupatikana. Njia ambayo dakika moja kabla tuliipitisha hodi ikajibiwa!

Ujumbe huo ndio unaowafanya mafundi waseme kompyuta imekufa. Haikufa, na njia haikupotea. Kompyuta zile mbili zilikutana, zikasalimiana, zikakosa lahaja ya kuzungumzia.

Situmii neno lahaja kama pambo la mwanaisimu. Windows hushirikisha faili kwa itifaki inayoitwa SMB, ambayo ilianzia kwenye kampuni ya IBM mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa kazi ya Barry Feigenbaum, kisha Microsoft ikaichukua na kuikuza. Katika nyaraka rasmi za itifaki hii, kila toleo lake linaitwa kwa neno lilelile tunalolitumia sisi darasani: lahaja. Na mazungumzo huanza kwa mapatano. Kompyuta inayoomba faili hutuma orodha ya lahaja zote inazozijua. Kompyuta yenye faili hutazama orodha, huchagua ile iliyo ya juu kuliko zote ambayo nayo inaijua, na kuanzia hapo wote wawili hushika hiyo hiyo mpaka mwisho. Katika orodha ya Windows XP lahaja ya juu kabisa ina jina NT LM 0.12, nayo ni ya familia inayoitwa SMB1. Windows Vista ilileta lahaja ya pili, 2.0.2. Windows 7 ikaongeza 2.1, Windows 8 ikaongeza 3.0, na Windows 10 ikafika 3.1.1.

Mtu wa Kolwezi akikutana na mtu wa Unguja hufanya kazi hiyohiyo bila kujua. Huyu ataanza na "niko naenda", yule atajibu "ninakwenda", na kwa sentensi tatu nne kila mmoja amekwisha kupima ni kipi mwenzake anakisikia na kipi hakisikii. Watapatana, kwa kuwa kila msemaji wa Kiswahili hubeba zaidi ya lahaja moja mfukoni: ya nyumbani, ya shuleni, ya redio. Windows XP imebeba familia moja tu. Na Windows 10, tangu toleo lake la mwisho wa 2017, haiwekewi tena lahaja hiyo ya zamani inaposimikwa upya. Orodha mbili zinawekwa mezani, hakuna neno hata moja linalolingana, mazungumzo yanakatwa. Hata kule kutoonekana katika "Favoris réseau" ni tawi la shina hilohilo, kwa kuwa orodha ile ya majirani ilikuwa ikiendeshwa kwa SMB1.

Hapa niruhusuni nitoke njiani kidogo, kwa sababu kuna kisa ambacho kila mwanafunzi wa isimu angependa kukijua. Mnamo Desemba 1991, mwanafunzi wa chuo kikuu cha taifa cha Australia, mjini Canberra, jina lake Andrew Tridgell, alitaka kompyuta yake ya Unix izungumze na kompyuta nyingine kwa itifaki hii. Hakuwa na sarufi wala kamusi yake. Alichofanya ni kuweka programu ya kusikiliza mazungumzo yanayopita kwenye waya. Alitazama: mmoja akituma baiti hizi, mwingine hujibu kwa zile. Polepole akajenga msamiati, kisha kanuni, mpaka programu yake ikaweza kuzungumza. Kazi hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa Samba, ambayo leo imo katika kompyuta za Linux duniani kote. Yeye mwenyewe aliifananisha njia yake na mtu asiyejua Kifaransa anayekaa katika mkahawa wa Kifaransa: anasikiliza wateja wanavyoagiza, anatazama mhudumu analeta nini, kisha naye anajaribu kuagiza. Hiyo ni nini kama si utafiti wa uwandani? Hivyo ndivyo profesa wetu alivyokaa Moba chini ya mwembe na daftari lake. Nilipousoma mkasa huo niliacha kusema kwamba mtandao ni jambo la mafundi.

Nirudi kwenye chumba cha nyuma.

Dawa inayotolewa na kila mtu ni rahisi: nenda kwenye kompyuta mpya, fungua "Activer ou désactiver des fonctionnalités Windows", tia alama penye SMB 1.0/CIFS, iwashe upya. Dakika tano. Asistenti wa maabara alikwisha kukaa kwenye kiti, kidole kiko kwenye kipanya. Nilimwomba angoje, na hapo ndipo mfano wangu wa lahaja unapovunjika. Sisi tunafundishwa tangu mwaka wa kwanza kwamba hakuna lahaja mbovu. Mtu anayedharau Kiswahili cha Lubumbashi kwa sababu si cha Unguja hajui anachosema. Lakini SMB1 haikufungwa kwa dharau wala kwa uzee wake. Ilifungwa kwa sababu ina tundu.

Mwezi wa Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba kasoro katika namna Windows inavyopokea ujumbe wa SMB1. Aprili, chombo cha kuitumia kasoro hiyo, kilichotengenezwa na shirika la ujasusi la Marekani la NSA na kuitwa EternalBlue, kilimwagwa hadharani na kikundi cha wadukuzi. Tarehe 12 Mei, kirusi kilichoitwa WannaCry kilianza kupita kutoka kompyuta hadi kompyuta kwa chombo hicho. Hakikungoja mtu abofye kitu. Kilipiga hodi, kikaingia, kikafunga faili zote kwa ufunguo na kudai fedha. Hospitali nchini Uingereza zililazimika kuwarudisha wagonjwa. Microsoft, ambayo ilikuwa imeacha kuihudumia Windows XP tangu tarehe 8 Aprili 2014, ikatoa kiraka hata kwa mfumo huo uliozikwa. Na wale wanaodhani ni masaibu ya XP peke yake wajue kwamba kompyuta nyingi sana zilizoambukizwa zilikuwa na Windows 7 ambazo wenyewe hawakuzitia kiraka kilichokuwapo miezi miwili.

Sasa, zile kompyuta mpya za idara zina nini ndani? Zina alama zetu za mitihani na tasnifu za watu ishirini ambao wengi wao, nasema bila kificho, hawana nakala pengine popote. Kuzifungulia mlango huo ili tuokoe kamusi moja ingekuwa kuchoma nyumba kwa ajili ya kumtafuta panya. Niongeze kwamba hata hizo tunazoziita mpya zimekwisha kuzeeka: Windows 10 nayo iliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta ambayo haipati tena viraka vya bure si ya kufunguliwa tundu lingine kwa makusudi.

Tukamtafuta mtu wa Kigoma.

Maana yangu ni hii. Yule wa Kolwezi na yule wa Unguja wakishindwa kabisa kusikilizana, anaitwa mtu wa Kigoma, aliyekulia penye meli za ziwani, anayevijua vyote viwili. Katika ukoo wa Windows mtu huyo ni Windows 7. Yenyewe inasema SMB1 na XP, na inasema 2.1 na Windows 10. Katibu wa idara alikuwa na kompyuta ndogo ya namna hiyo, ya kukunja, ambayo aliitumia kwa kusikilizia nyimbo tu. Tulimwomba kwa siku mbili. Mwanafunzi mmoja wa kitivo cha sayansi alitushauri tuweke Linux na Samba badala yake, na ni shauri jema, ila ajuaye ajue kwamba Samba nayo, tangu toleo la 4.11 la mwaka 2019, huja ikiwa imefunga SMB1. Ni lazima kuandika katika faili ya mipango kwamba lahaja ya chini inayokubaliwa ni NT1. Sisi tulikuwa na Windows 7 mkononi, tukaanza nayo.

Sharti tuliloliweka ni moja: XP na kompyuta mpya zisiketi meza moja hata dakika. Tulichukua swichi ndogo ya matundu matano isiyounganishwa na kitu kingine. Tukachomeka XP na Windows 7 peke yao, anwani 20 na anwani 10. Kwenye XP tukaishirikisha folda ya KITABWA kwa kusomwa tu, bila ruhusa ya kuandika, ili hata tukikosea vidole tusiharibu kitu. Halafu Windows 7 ndiyo iliyoomba. Ilituma orodha yake ndefu ya lahaja, XP ikachagua NT LM 0.12, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nne nikaona majina ya zile faili za sauti kwenye kioo kingine. Nilitaka kupiga vigelegele. Asistenti aliniambia ningoje mpaka zifike.

Alikuwa na haki. Kunakili kwa kipanya, kwa kuburuta folda, ni hatari kwa diski mgonjwa, kwa kuwa faili moja ikikataa kusomeka kazi nzima husimama na hujui umefika wapi. Windows 7 ina amri inayoitwa robocopy, nayo tuliiandika hivi:

robocopy \\192.168.1.20\KITABWA D:\KITABWA /E /Z /R:1 /W:5

Herufi /E huchukua folda zote zilizomo ndani. /Z huiwezesha kuendelea pale ilipokatikia. Lakini zinazookoa diski ni hizo mbili za mwisho. Usipoziandika, robocopy ikikutana na faili isiyosomeka hurudia kuijaribu mara 1,000,000, na kati ya jaribio na jaribio hungoja sekunde 30. Ni uvumilivu wa ajabu, na kwa diski inayogonga ni kuipigilia msumari. Sisi tuliiambia ijaribu tena mara 1 tu, ingoje sekunde 5, ipite mbele.

Umeme ulikatika faili ya 23 ikiwa njiani. Kompyuta ya katibu ina betri yake, haikujali. XP ilizimika kama mshumaa. Uliporudi, baada ya saa mbili, tuliandika amri ileile. Robocopy ikapita faili 22 za kwanza bila kuzigusa, maana iliona zimekwisha kufika salama, ikaanzia pale. Faili 53 kati ya 55 zilivuka. Ya 31 na ya 32 zilikataa, na diski iligonga vibaya sana ilipozifikia.

Hapo tukagundua tatizo ambalo halikuwa la mtandao. Katika folda mlikuwa na faili tatu za kamusi: kamusi, kamusi2 na kamusi_mpya. Ipi ni ya mwisho? Zote tatu zilisema ziliandikwa tarehe 1 Januari 2002. Kompyuta hizi zina betri ndogo ya duara, CR2032, bei yake haizidi ya soda, inayoishikilia saa wakati umeme haupo. Ikifa, kila ukiwasha kompyuta inarudi kwenye siku yake ya kuzaliwa. Profesa alifanya kazi miaka kadhaa bila kulitambua hilo, na programu yake, Toolbox ya shirika la SIL, ilikuwa ikiandika tarehe katika kila ingizo, kwa alama ya \dt, kwa kuifuata saa hiyohiyo ya uongo.

Faili za Toolbox ni maandishi matupu. Kila ingizo huanza na mstari wa \lx wenye neno lenyewe, ikifuata \ps kwa aina ya neno, na kadhalika. Kwa hiyo kuhesabu mistari ya \lx ni kuhesabu maneno. Tulihesabu kwa amri ya find: ya kwanza 3,812, ya pili 4,106, ya tatu 4,097. Nikasema basi ya pili ndiyo kubwa, ndiyo ya mwisho. Kwa bahati nilimpigia simu profesa kwanza.

"Hapana, mwanangu," akasema. "Nilikuwa nimeandika maneno tisa mara mbili mbili. Siku za mwisho nikayafuta. Chukua ile yenye maneno machache."

Angalia jinsi ambavyo ningekosa kwa akili yangu mwenyewe, huku nikijisifu kwamba nimehesabu.

Hatua ya pili ilikuwa nyepesi. Tuliichomoa XP na kuizima. Tukaipima Windows 7 kwa programu ya kuwinda virusi, ambayo tuliileta kwenye CD iliyoandikwa siku ileile. Ikapata virusi viwili vya flashi vilivyojificha kati ya nyimbo za katibu, hakuna katika folda yetu. Tukaiandikia jina la mtumiaji na neno la siri, kwa sababu Windows 10 na zinazoifuata zinaendelea kukaza mlango kwa mgeni asiye na jina. Kisha tukaichomeka kwenye swichi ileile pamoja na kompyuta mpya moja. Safari hii mapatano yalikwenda kwa 2.1, folda ikavuka, na tukainakili mara moja kwenye diski ya nje ambayo iko kwa mkuu wa idara.

Kamusi ilipofunguliwa kwenye kompyuta mpya ilionekana kama imeandikwa na mlevi. Mahali pa toni palijaa alama za ajabu, na pa ŋ palikaa herufi nyingine kabisa. Mkuu wa idara alifadhaika, akadhani imeharibikia njiani. Baiti zote zilikuwa salama. Profesa aliandika kwa fonti ya SIL iitwayo IPA93, ya wakati ambapo Unicode ilikuwa haijaenea, na fonti hiyo iliazima nafasi za herufi za kawaida ili kuchora alama za fonetiki. Bila fonti, kompyuta inaonyesha kilicho chini ya vazi. SIL wenyewe wametoa jedwali la kugeuza alama hizo ziwe za Unicode, na kazi hiyo ninaifanya sasa, sehemu kwa sehemu, nikilinganisha toni na sauti za wazee. Nimefika herufi k.

Zile faili mbili, ya 31 na ya 32, bado zimo kwenye diski inayogonga. Hatuiwashi tena mpaka kipatikane kile kifaa cha IDE. Atakayekiona dukani au kwa ndugu anayesafiri, tafadhali aniambie. Swichi ya matundu matano, nyaya mbili na karatasi yenye amri zote tumeviweka katika kabati la idara, rafu ya chini. Idara yoyote yenye kompyuta ya namna hii inaweza kuviazima. Ufunguo uko kwa katibu, na kompyuta yake ya nyimbo pia, ila hiyo huombwa kwa upole na siku mbili kabla.